Tulivyoingia Kwenye Udalali wa Nyumba

(Mazungumzo ya wanachama wawili mbele ya wanakikundi na wageni waalikwa, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu)

  

Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Pili tunaishukuru kamati ya maandalizi kwa kutupa nafasi hii. Tumeagizwa tueleze jinsi tulivyoacha kazi zetu za zamani tukawa madalali wa nyumba, na namna kikundi kilivyotusaidia. Tumepewa dakika ishirini. Mnatujua sisi wawili, mdomo ndio kazi yetu, kwa hiyo Mama Katibu akae karibu na kengele yake.

Tumekubaliana kusema "sisi" tangu mwanzo hadi mwisho. Yaliyompata mmoja na yaliyompata mwingine tumeyabeba pamoja siku nyingi. Wanaotufahamu watajua yupi ni yupi, na wasiotufahamu hawatapungukiwa kitu.

TULIKOTOKA

Kabla ya udalali mmoja wetu alikuwa mama lishe. Alipika wali, ugali na maharage pale mafundi wanapojenga, na jengo likiisha alihamisha masufuria kufuata jengo jingine. Mwingine alikuwa fundi cherehani, anashonea barazani kwa watu Tandika, magauni ya sherehe na sare za shule. Hatukuwa matajiri, ila kila mmoja alikuwa na nyumba. Au tuseme kila mmoja alidhani ana nyumba.

Mwaka 2013 mama lishe alifiwa na mumewe. Nyumba yao ya vyumba vinne waliijenga wote, na fedha ya matofali nyingi ilitoka kwenye sufuria la maharage. Lakini karatasi ya kununulia kiwanja ilikuwa na jina la marehemu peke yake. Baada ya arobaini ukoo ulikaa kikao, yeye hakuitwa. Habari ya kuuzwa kwa nyumba hakuambiwa na shemeji wala wifi. Aliambiwa na dalali. Asubuhi moja dalali alibisha hodi akiwa na mteja, akaingia mpaka chumbani, akasema, "Mama, sogeza godoro kidogo, mteja aone ukuta."

Mwaka uliofuata fundi cherehani alisafiri kwenda Masasi kumzika mama yake mzazi. Alikaa wiki tatu. Aliporudi, ana kikapu cha korosho mkononi, alikuta mlangoni kufuli jipya na ndani watu asiowafahamu. Mumewe alikuwa ameuza nyumba na kwenda zake. Cherehani ilikuwa imewekwa uani, imenyeshewa.

Hatukujuana wakati ule. Tulikutana Mbagala, mbele ya mlango wa chumba kimoja cha kupanga. Kila mmoja alikuwa ameletwa na dalali wake, na kila mmoja alikuwa ameshatoa shilingi 10,000 ya kuonyeshwa. Mwenye nyumba akatoka na mswaki mdomoni, akatuambia chumba kilishachukuliwa tangu juzi. Madalali wakaondoka na hela zetu. Sisi tukakaa kwenye ngazi, mmoja akaanza kulia, mwingine akaanza kucheka, mwishowe tukacheka wote. Siku ile tulikubaliana kutafuta chumba kimoja na kukaa pamoja na watoto wetu, hadi Mungu atakapofungua njia.

KAZI TULIVYOIPATA

Kutafuta kile chumba kulituchukua zaidi ya wiki mbili. Tulitembea kwa miguu Mbagala, Chamazi, Yombo hadi Buza. Tulipopata, tukawa tumeshajua nyumba nyingi kuliko tulivyotaka: ipi ina kisima, ipi choo kimejaa, ipi mama mwenye nyumba ana maneno. Haukupita mwezi, mwalimu mmoja aliyehamishiwa huku akatuuliza kama tunajua chumba chenye utulivu. Tukampeleka. Akapenda, akalipa, akatupa shilingi 15,000 ya ahsante. Usiku ule tuliziweka zile hela juu ya mkeka tukaziangalia. Kumbe hii ni kazi!

Wengine wanadhani tuliacha tuliyoyajua tukaanza upya. Si kweli. Mama lishe anawajua mafundi, na mafundi ndio wanaojua nyumba ipi inakaribia kuisha na msingi wake ulichimbwa vipi. Fundi cherehani anaingia ndani ya nyumba za watu kupima magauni, anajua chumba kipi kina joto na bati lipi linavuja. Tulichokosa ni mtaji wa kusimamia miguu yetu.

Mwaka 2015 kikundi hiki kilipoanza, tulikuwa miongoni mwa waliokaa kwenye mkeka siku ya kwanza, sanduku likiwa jipya na kufuli zake tatu. Mkopo wetu wa kwanza ulikuwa shilingi 200,000. Mmoja wenu aliuliza kikaoni, "Biashara gani hiyo haina bidhaa?" Tukajibu, bidhaa ni miguu. Mlicheka, lakini mlitupa. Tulinunua raba pea mbili, kaunta buku na vocha za simu, na zilizobaki zikawa za kula wakati kazi bado haijajibu.

Wanaume wa kijiweni walitupokea kwa kejeli. Walisema mwanamke dalali ataonyesha nyumba saa ngapi na atapika saa ngapi. Mmoja alituita madalali wa vijiko. Tukanyamaza. Tuliona kitu ambacho wao hawakukiona: wanaotafuta vyumba wengi ni akina mama, wengine wametoka kwenye matatizo, na mwanamke mwenye watoto anaogopa kuongozana na mwanaume asiyemjua kuingia kwenye nyumba tupu.

Kaunta buku yetu tuliigawa kwa mistari. Jina la mwenye nyumba. Vyumba vingapi. Luku ni ya kila mpangaji au ni ya kuchangia, maana luku ya kuchangia ndiyo mama wa ugomvi wote. Maji yanatoka siku zipi. Choo kinatumiwa na familia ngapi. Mwenye nyumba anaishi humo au yuko mbali. Na mstari wa mwisho: tumeiona wakati wa mvua? Nyumba hujulikana masika. Kiangazi kila nyumba ni nzuri.

Malipo ya dalali kwa desturi ya hapa Dar es Salaam ni kodi ya mwezi mmoja. Sasa piga hesabu na sisi. Chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita, hiyo ni 300,000. Ongeza 50,000 ya dalali, jumla 350,000, na zote zinatakiwa siku moja. Mwanamke aliyefukuzwa jana atazitoa wapi? Hapo ndipo tulipoanza kuwaleta wateja wetu kwenye kikundi. Wanachama wanane mnaowaona hapa waliingia kwa mlango huo. Walikuja kutafuta chumba, wakakuta na sanduku.

KOSA LETU

Akina mama, tungeweza kuishia hapo mkatupigia makofi. Lakini kamati ilisema kitabu hiki kitasomwa na watoto wetu, kwa hiyo tutasema na lile lisilopendeza. Wengi wenu mnalijua, wengine mlilisikia nusu.

Mwaka 2018 tulipata nyumba yetu ya kwanza ya kuuza. Hadi hapo tulikuwa tunapangisha tu. Mwenyewe alikuwa mzee mstaarabu, anazungumza taratibu, karatasi zake zimewekwa kwenye bahasha safi. Bei shilingi milioni 28, na sisi asilimia tano, yaani 1,400,000. Hatukuwahi kushika fedha kama hiyo. Na mwaka huo tulikuwa na mtoto anayeingia kidato cha tano, na cherehani iliyokuwa rehani.

Tulimuuliza kuhusu mama wa nyumba. Akasema walishaachana, mwanamke alikwenda kwao zamani. Tukaandika hivyo kwenye kaunta buku. Tukaleta mteja, nyumba ikauzwa, tukagawana 700,000 kila mmoja.

Baada ya wiki tatu alikuja mwanamke nyumbani kwetu na watoto wawili. Alikuwa hospitalini muda wote huo, akimuuguza mtoto mwingine. Hakupiga kelele. Aliomba maji, akanywa, akatuuliza swali moja tu: "Nyie ndio mlioleta mteja? Mlipoingia uani hamkuona kanga zangu kwenye kamba?"

Tuliziona.

Zilikuwa kanga mbili na gauni la mtoto. Tulipita chini yake, mmoja wetu akaisogeza kanga kwa mkono ili mteja asiguswe usoni. Mwanamke aliyekwenda kwao zamani haachi kanga mbichi kwenye kamba. Tulijua. Ila tulikuwa tunahesabu 1,400,000.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi tulimwona nyoka mwenyewe na hatukushtuka. Yule dalali aliyesema "sogeza godoro" tulimlaani miaka mitano, kumbe siku ile sisi ndio tulikuwa yeye.

Hatukulala. Jumamosi tulikuja kikaoni tukasema mbele yenu. Mnakumbuka kikao kile kilivyochafuka. Wengine mlisema kosa ni la mume, dalali hana kesi. Wengine mlisema tufukuzwe, tutaharibu jina la kikundi. Mama mmoja mtu mzima, ambaye leo hayupo nasi, Mungu amlaze pema, alinyanyuka akasema: "Waulizeni hela iko wapi." Hela ilikuwa imeshakwenda ada na kukomboa cherehani.

Yule mama alikuwa ameshafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa msaada wa wanasheria wanaosaidia wasio na uwezo. Tulikwenda kueleza tuliyoyaona, pamoja na kanga. Ilikuwa aibu kubwa, maana mnunuzi alikuwepo, na mume alikuwepo, na tulilazimika kusema kwamba tuliona na hatukuuliza zaidi. Shauri lilichukua miezi mingi, mwishowe lilimalizika kwa maelewano. Mume alirudisha alichokuwa bado nacho na kuuza bajaji mbili alizonunua, mnunuzi akakubali kurudisha nyumba akimaliziwa fedha yake. Na sisi tukarudisha 1,400,000 yote.

Fedha hiyo ilitoka kwenye sanduku hili. Mkopo wa kawaida hapa ni miezi mitatu, nyie mlitusogezea hadi miezi kumi na minne, 100,000 kila mwezi pamoja na riba yake. Wadhamini watano walitia saini. Kuna miezi tulilipa kwa fedha ya vitumbua. Lakini tulilipa, na daftari la Mama Mweka Hazina ni shahidi.

Yule mama hakujiunga na kikundi chetu, na hatumlaumu. Tukikutana sokoni tunasalimiana. Inatosha.

TUNAVYOFANYA KAZI SASA

Tangu hapo tuna utaratibu wetu, na tunauandika hapa ili kila mwanachama auzaye au anunuaye nyumba autumie, hata kama dalali si sisi.

1. Tunauliza mama wa nyumba yuko wapi, na hatupokei jibu la mdomo. Anayeuza akiwa mwanamume tunakaa na mkewe, akiwa mwanamke tunakaa na mumewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa haiuzwi, haitolewi zawadi, haipangishwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi mwingine, ndoa ikiwa bado ipo. Ridhaa iandikwe na itiwe saini. Wakisema wameachana, tunaomba kuona talaka.

2. Nyumba ya marehemu hatuigusi mpaka tuone barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake si ruhusa ya kuuza. Tena tunakwenda kuwaona warithi, hasa mjane, nyumbani kwake, bila shemeji kuwepo.

3. Kiwanja chenye hati tunakwenda kukipekua kwa Msajili wa Hati, tujue jina la nani limeandikwa na kama kuna deni la benki. Kisicho na hati tunawaita majirani wa pande zote nne waonyeshe mipaka. Viwanja vinavyouzwa kwa watu wawili watatu vingi ni vile ambavyo majirani hawakuulizwa.

4. Tunauliza kama ni bondeni, au ni hifadhi ya barabara. Mnakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, watu wa Jangwani walivyohamishiwa Mabwepande. Mnakumbuka mwaka 2017 nyumba zilivyovunjwa kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara. Wengi wao walikuwa na karatasi za kununulia mikononi.

5. Mkataba unaandikwa kwa wakili, fedha inapita benki, kodi ya Serikali inalipwa. Hela ya mezani haina shahidi.

6. Hatuweki cha juu. Bei aliyoitaja mwenye nyumba ndiyo anayoisikia mteja, na malipo yetu yanajulikana kwa wote wawili.

Siku hizi wateja wengi wanatumiwa picha za nyumba kwenye simu, wakituma hela kabla hawajafika. Tunawaambia jamani, picha haina harufu. Nendeni mkaone.

Je, utaratibu huu unalipa? Tutasema kweli. Mwaka jana tulikataa nyumba ya shilingi milioni 60 kwa sababu mume alikuwa anatukwepesha tusimwone mkewe. Malipo yetu yangekuwa milioni tatu. Dalali mwingine aliichukua. Mwezi ule tulikula dagaa, na watoto walituuliza kwa nini. Tukawasimulia habari za kanga. Lakini pia ni mwaka uleule wajane watatu walituita tuwauzie, wakasema wameambiwa sisi ndio madalali wanaouliza maswali. Kwa hiyo kazi inakwenda, polepole. Hatuna ghorofa. Kila mmoja ana kiwanja chake Chamazi, mmoja amefika kwenye renta, mwingine bado yuko kwenye msingi. Majina kwenye karatasi ni yetu.

OMBI LETU KWENU

Tunamaliza, kengele tumeiona.

Akina mama, wengi wetu tunajenga kwa fedha ya kikundi. Tunakopa, tunanunua bati, tunanunua saruji, kisha karatasi inaandikwa jina la baba peke yake kwa sababu tunaona haya kuuliza. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini sheria inamsaidia mwenye ushahidi. Stakabadhi za bati zako ziko wapi? Ziko chini ya godoro, na godoro litakuja kusogezwa.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. La kwanza, kila mwanachama alete nakala ya karatasi zake: mkataba wa kiwanja, stakabadhi, cheti cha ndoa. Zihifadhiwe kwenye bahasha yenye jina lake, ndani ya sanduku letu lenye kufuli tatu. Sanduku lililotunza hela zetu miaka kumi haliwezi kushindwa kutunza karatasi. La pili, mwanachama anapokopa kwa ajili ya ujenzi, kamati ya mikopo imuulize jina lipi liko kwenye kiwanja. Asinyimwe mkopo. Aulizwe tu. Sisi tungeulizwa mapema, pengine tusingekuwa madalali leo, na mngepata wali mzuri na magauni mazuri.

Tunawashukuru wadhamini wetu watano, wanne walioko hapa na mmoja aliyetangulia. Tunawashukuru mlionyoosha mikono tusifukuzwe, na mliotaka tufukuzwe pia tunawashukuru, maana mlitufundisha uzito wa jambo lenyewe.

Mungu akibariki kikundi chetu, atupe miaka kumi mingine.